Kurasa Tano za Elifasi

Habari ya kifo cha Hamza ilinifikia siku mbili baada ya kuzikwa. Nilipofika Majengo ilikuwa siku ya hitma, mikeka imetandikwa uani, na dada yake Zuhura ameketi ameegemea ukuta. Nilimpa pole. Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Wewe ni Aikande wa kile kitabu." Hakusema rafiki yake, wala aliyefanya naye kazi. Nikasema ndiye mimi, naye akasogea akanipa nafasi kwenye mkeka. Nilikaa pale mpaka wali ukaliwa na masinia yakaoshwa, na muda wote huo sikumfikiria Hamza wa miaka hii ya mwisho, kwa sababu huyo sikumjua. Nilimfikiria Hamza wa mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na jambo nililolifanya mwaka ule ambalo sijapata kuliandika mahali popote, ingawa maisha yangu yote nimeyaendesha kwa kuandika.

Mwaka ule nilikuwa nimepata kazi kwa mchapishaji wa vitabu vya shule hapa Moshi. Mchapishaji ni neno kubwa. Bwana Mushi alikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la madaftari, kimoja cha mashine ya kukatia karatasi, kingine kimegawanywa kwa ubao mwembamba, yeye upande huu na mimi upande ule, kiasi kwamba nilimsikia hata akikoroga chai. Alikuwa na haki ya kitabu kimoja cha zamani ambacho kila mtu wa migombani alikisoma darasa la tano. Kilikuwa kitabu chembamba, kimeandikwa na mwalimu aliyekwisha kufariki, na kilisimulia kisa cha kweli cha wapagazi wawili wa Machame, Ndesario na Elifasi, waliobeba mizigo ya wazungu wakipanda mlima. Walitumwa na kiongozi wao warudi chini kuchukua mzigo uliosahaulika, ukungu ukawafunika juu ya msitu, wakapotea. Elifasi alivunjika mguu. Siku ya nne alifariki kichwa chake kikiwa mapajani mwa mwenzake. Ndesario akamfumba macho, akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe, akampangia mawe juu, akaendelea peke yake siku tano zaidi akinyonya maji kwenye kuvumwani za miti na kutafuna mizizi, mpaka wakata kuni walipomkuta akitambaa. Sisi tulikariri ukurasa ule wa mawe. Kuna wasichana darasani kwetu waliulilia. Lakini watoto waliotufuata hawakukisoma tena, na Bwana Mushi akaamua kukifufua. "Watoto wa siku hizi wanataka katuni," aliniambia. "Basi tuwape katuni. Wewe punguza maneno, mtafute mtu wa kuchora."

Nilimfahamu Hamza kwa mkono wake kabla ya sura yake. Ndiye aliyechora ng'ombe kwenye kuta za mabucha karibu yote ya mjini, na ng'ombe wake walikuwa na macho ambayo yalifanya usitamani nyama. Chumba chake cha kupanga kilikuwa Majengo, kimegawanywa kwa pazia la maua; upande wa pili Zuhura alishona nguo kwa cherehani na kusikiliza kila tulichosema. Kulinuka rangi na mafuta ya taa. Mchana Zuhura alitupitishia sahani chini ya pazia, maharage ya nazi na chapati, na wakati mwingine pamoja na sahani alitupitishia na maoni yake. "Huyo Ndesario anaongea kama mchungaji," alisema siku moja niliposoma maneno niliyoyaandika. "Mtu ana njaa siku nne, anapata wapi sentensi ndefu hivyo?" Hamza alicheka, akachukua penseli, akafuta. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye maswali mengi. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amechora kitabu kizima kwa penseli kama kilivyoandikwa, na ukurasa wa kifo cha Elifasi ulikuwa mzuri sana. Lakini hakutaka kuutia wino. Alisema hajui viatu vyao vilikuwaje, hajui walibeba mzigo kwa kichwa au kwa mgongo, hajui ukungu wa kule juu una rangi gani. "Nimechora kitabu," alisema. "Sijachora watu." Na kwa kuwa Ndesario alikuwa bado hai, tukapanda Machame.

Tulimkuta mzee katika nyumba ya mbao katikati ya migomba na kahawa, ng'ombe wawili zizini, maji ya mfereji yakipita nyuma ya jiko. Alikuwa mrefu, amenyooka, na alitembea kwa kuyumba kidogo kwa sababu vidole vya miguu yote miwili vilikatwa baada ya kuliwa na baridi. "Shikamoo babu," tulimwambia. "Marahaba wanangu. Mmetoka shule gani?" Alidhani tumetangulia kundi la wanafunzi, maana kila mwaka walimu waliwaleta watoto kumsikiliza. Alitusimulia kisa chote, na baada ya dakika chache nikagundua kwamba ninajua neno linalofuata. Alikuwa anasimulia kitabu. Alipumzika pale palipokuwa na mwisho wa aya. Mkwewe alituletea machalari, ndizi na nyama zimepikwa pamoja mpaka mchuzi umekuwa mzito, na tukiwa tunakula akaingia bibi mmoja mfupi na kibuyu cha maziwa. Alikiweka mezani, akamsalimia mzee kwa Kichagga, akasimama kidogo akimtazama, kisha akatoka. "Huyo ni Manka," mzee alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Mjane wa Elifasi. Huniletea maziwa kila Jumapili." Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu wakati ule. Ilikuwa miaka arobaini. Nilifikiri sijawahi kuona shukrani ya namna ile, na nilimwambia Hamza hivyo tukiwa njiani kurudi.

Tulipanda mara tatu zaidi, na kila mara Hamza aliuliza vitu vidogo. Mara ya nne mzee alikuwa amechangamka, akataka kumwonyesha namna alivyojihifadhi siku zile za mwisho alipokuwa peke yake. Aliita mkwewe alete mablanketi. Akajitupia moja mabegani akalifunga kifuani kwa fundo, kisha akakaa chini sakafuni kwa shida, akachukua la pili, akaizungushia miguu. "Hivi," alisema. "Bila hili la miguuni, ningekatwa mpaka magoti." Hamza alikuwa anachora. Kalamu ikasimama. Akauliza kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za viatu, "Babu, hili la pili ulilipata wapi?"

Mkwewe alikuwa mlangoni. Mzee akamwambia aende akaangalie ng'ombe. Kisha akabaki pale sakafuni, miguu imeviringishwa, akaongea kwa Kiswahili kibovu kuliko alichokuwa akikitumia kutusimulia, kwa sababu haya hayakuwa kitabuni. Elifasi hakufa siku ya nne. Siku ya nne alikuwa na homa, mguu umevimba, lakini anazungumza, hata alifanya mzaha kuhusu chakula cha wazungu. Ilikuwa asubuhi. Ndesario akamwambia anakwenda kutafuta watu. Akachukua ndizi mbili za kuchoma zilizobaki. Akachukua na blanketi. Elifasi akanyoosha mkono akalishika upande mmoja, akasema, "Hilo niachie." Hakusema kwa ukali. Wakavutana, si sana, kwa kuwa mmoja wao hakuwa na nguvu. "Nilikuwa nasikia akiniita," mzee alisema. "Ndesario, Ndesario. Nikashuka mpaka kwenye kijito, maji yakapiga kelele, nikaacha kumsikia. Nilipopatikana waliniuliza, mwenzako yuko wapi. Nikasema amekufa, nimemzika. Ningesema yuko hai, wangeniuliza mbona una mablanketi mawili." Wiki kadhaa baadaye watu walipanda wakaushusha mwili. Hakuna aliyemwuliza habari za mawe. Mwalimu akaja na daftari lake, akaandika alichoambiwa, na hapo Ndesario akaongeza blanketi la kumfunika marehemu.

Hamza hakuwa ameinuka. Alimwuliza, "Sasa babu, mimi nichoreje?" Mzee akajibu, "Chora hivyo. Manka simwezi. Kila Jumapili nasema leo, mdomo unakataa. Akiona kwenye kitabu atajua, na wengine watajua, nami nitakuwa nimesema." Kisha akatuomba tumsaidie kuinuka.

Hamza alichora kurasa tano kwa wiki mbili. Alizikataa sentensi zangu zote. Hazikuwa na neno hata moja, isipokuwa jina la Ndesario, limeandikwa juu ya mawe, likijirudia kila picha kwa herufi ndogo zaidi, mpaka ukurasa wa tano ambao una kijito tu. Zuhura alitoka nyuma ya pazia kuzitazama, akarudi bila kutoa maoni. Mimi nilizipeleka kwa Bwana Mushi nikiwa na kiburi, kana kwamba nimezichora mimi. Alizitazama mara moja, akazifunika kwa gazeti. "Hiki ni kitabu cha darasa la tano," alisema. Siku ya pili akaja Godlisten, mtoto wa mzee. Mkewe, yule mkwe wa mzee, alikuwa amesikia kutoka zizini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwenye hasira, lakini alikuwa mwalimu, mtu mzima mwenye sweta, akaketi upande wa pili wa ule ubao na nikamsikia akilia. "Wanangu wanasoma shule ile ile," alimwambia Bwana Mushi. "Wanaitwa wajukuu wa Ndesario. Baba ana wiki chache, kifua chake kimeharibika. Mwacheni aondoke na jina lake." Alipotoka, Bwana Mushi akaongea bila hata kuja upande wangu. "Aikande, tunarudi kwenye kitabu. Mwambie fundi wako."

Hamza alikataa. Alikataa kwa upole, akasema kurasa zake ni hizo tano na hana nyingine. Akaziviringisha, akaziweka juu ya kabati. Lakini zile za penseli za mwanzo, zenye kile kifo kizuri na yale mawe, zilikuwa ofisini kwangu. Ningeweza kumwambia Bwana Mushi kwamba hazipo. Ningeweza kuacha kazi. Wenzangu walikuwa wameacha kazi kwa mambo madogo kuliko hilo. Badala yake nilijiambia habari za wajukuu wale, na habari za mjane ambaye hana haja ya kuumizwa upya, na nilikuwa na majibu mengi, yote mazuri. Nikakaa siku tatu mezani nikipitisha wino juu ya mistari ya Hamza kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimfumba Elifasi macho. Nilimfunika. Nilipanga mawe, moja moja.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kumwona mzee. Alikuwa kitandani, ukutani kuna kalenda ya kanisa, chini ya kitanda kuna beseni la kutemea. Godlisten alisimama mlangoni muda wote. Mzee aliniuliza, "Mmechora?" Nikasema, "Hamza amechora, babu, kama ulivyosema." Hilo lilikuwa kweli. Akauliza, "Na Manka ataona?" Nikasema, "Ataona." Aliushika mkono wangu, mkono wenye madoa ya wino, akaubana kwa nguvu ambayo sikuitegemea, akasema asante kwa Kichagga. Alifariki kitabu kikiwa kiwandani. Mazishini mchungaji alisimulia mawe na blanketi, na watu waliitikia kwa vichwa. Bibi Manka alikaa benchi la nyuma kabisa.

Uzinduzi ulifanyika shuleni, chini ya turubai, na nakala ya kwanza akapewa yeye kama mgeni wa heshima. Nilikuwa nimesimama karibu. Alivaa kitenge kipya na viatu vilivyombana. Alifunua kurasa taratibu kwa kidole kilicholoweshwa mate, akafika pale, akakaa pale. Watoto walikuwa wanaimba. Aliutazama ukurasa ule mpaka wimbo ukaisha, akafunga kitabu, akaniambia, "Asante, mwanangu. Mmemfunika." Nami nikasema, "Karibu, bibi." Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Hamza hakuja. Alikiona kitabu baadaye mjini, akakileta ofisini, akakiweka mbele yangu kimefunuliwa. Sikuwa nimemwona akiwa na hasira, na hata siku hiyo sikumwona. "Mkono wako unatetemeka kwenye wino," alisema. "Hapa, na hapa. Kila unapofika usoni kwake." Akaondoka.

Nilivumilia wiki tatu. Kisha nikapanda kwa Bibi Manka, na nikiwa njiani nikachuma kwenye ua wa mtu jani la isale, ambalo kwetu humpa mtu unayemwomba msamaha. Nilimkuta jikoni akichochea moto. Alinikaribisha kigoda, akanipa mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwenye bakuli, akasubiri nile kwanza, kama ilivyo adabu. Sikuweza kuumaliza. Nikaweka bakuli chini, nikamwambia yote, kuanzia blanketi la miguuni mpaka kijito. Hakulia. Aliendelea kusukuma kuni ndani ya moto zilipoungua.

"Nilijua," alisema nilipomaliza. "Waliomshusha walikuwa kaka zangu. Hawakumkuta chini ya mawe. Walimkuta mbali na pale Ndesario alipopataja, hana blanketi, viganja vyake na viwiko vimechubuka mpaka nyama. Alikuwa anatambaa kushuka. Waliniambia mimi tu, kisha wakanyamaza, kwa sababu mchungaji alikuwa amekwisha kumshukuru Ndesario mbele ya watu wote."

Nilimwuliza, nikiwa sielewi kabisa, kwa nini basi alimpelekea maziwa.

"Ili anione," alisema. "Kila Jumapili nilisimama pale mbele yake. Ningemwuliza, angekana, na akishakana mara moja ingekuwa basi. Nilitaka aseme mwenyewe. Nikangoja. Siku ya mazishi yake nikasema, haya, ameondoka nalo." Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Lakini wewe unasema alisema."

"Alisema, bibi. Alitaka ulione kwenye kitabu."

"Alisema kabla hajafa."

"Ndiyo."

"Akijua nitaona."

"Ndiyo, bibi."

Moto ulikuwa umeshika vizuri. "Basi aliyenificha ni wewe," alisema. Lile jani la isale nilikuwa bado nimelishika. Nilimpa kwa mikono miwili. Alilipokea, akaliangalia, akaliweka kwenye kigoda kitupu kati yetu, na sikuambiwa kama limekubaliwa au limekataliwa. Nimekwisha kuwa mtu mzima sasa, nina miaka ya kutosha kujua kwamba watu husamehe polepole na wengine hawasamehi, na kwamba hiyo ni haki yao. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilitaka jibu. Alichosema ni, "Zile karatasi za yule kijana ziko wapi?"

Nilishuka moja kwa moja mpaka Majengo. Hamza alikuwa anachora bango la kinyozi, na hakuacha kazi nilipokuwa nikimweleza. Nilimwomba anipe kurasa tano nimpelekee. Alisafisha brashi yake, akapanda kwenye kigoda akazitoa juu ya kabati, akazipangusa vumbi, lakini hakunipa. "Nitampelekea mimi," alisema. Jumapili iliyofuata alikwenda peke yake. Sikualikwa, na sikuwa na uso wa kuomba. Nilikaa kwa Zuhura nikimsubiri, naye alishona bila kunisemesha, mpaka jioni Hamza aliporudi na matope viatuni. Nilimwuliza bibi alisema nini.

"Aliangalia," Hamza alisema. "Zote tano, mara nyingi. Hakuna alichosema mpaka mwisho. Kisha akanionyesha kosa." Akaketi kitandani akaanza kufungua viatu. "Kwenye ukurasa wa pili, pale anaposhika blanketi, nilimchora akinyoosha mkono wa kulia. Akasema Elifasi alitumia mkono wa kushoto, kwa kila kitu. Akaniletea wembe wa kukwangua wino, akakaa pembeni yangu mpaka nikaubadilisha."